Dramu Ndani ya Maiki ya Gitaa

Jumanne, 5 Agosti

Siku nzima sneya. Tangu asubuhi nahangaika na ngoma moja ndogo inayolia kama sufuria imeanguka jikoni. Nimesogeza maiki juu, chini, nimeiinamisha, nimebandika plasta juu ya ngozi. Wapi. Mwisho nikagundua kasoro haiko kwenye maiki. Ngozi yenyewe imekwisha. Bakari, mpigaji wake, alijua muda wote na amenyamaza, eti alidhani nitaitengeneza kwenye mashine. Nimemwambia mashine haipiki, inapakua tu. Tumebadilisha ngozi, ikalia vizuri papo hapo. Nusu siku imeliwa na uvivu wa mtu mmoja.

Chumba changu cha kurekodia kinatosha kaswida na taarabu. Dramu hazienei. Kwa hiyo Kutu wamehamia sebuleni kwa marehemu mama, hapahapa Mabawa. Kutu ndilo jina la bendi, na wanalistahili. Wapo watatu. Bakari wa dramu, mtoto wa mama yangu mdogo, tumelelewa sahani moja. Joni wa gitaa, ndiye anayeimba pia, Mbondei wa Muheza, mwalimu wa hesabu. Kibwana wa besi, ambaye haongei mpaka aulizwe. Kuta nimeziegemezea magunia ya makumbi ya nazi, mlangoni nimesimamisha godoro la sufi. Majirani nimewaomba radhi nyumba kwa nyumba. Bi Hadija wa nyuma akauliza hawa vijana wana ugomvi na nani. Vijana wenyewe wana mvi.

Joni kapata uhamisho wa Kigoma. Anaondoka Jumatatu. Nyimbo zikamilike wiki hii au basi tena.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nimewarekodi mmoja mmoja, kama inavyofundishwa. Bakari kwanza, peke yake, na mdundo wa mashine masikioni. Kapiga bila kosa na wimbo umekufa. Karudia, umekufa tena. Anapiga kama mtu anayesaini mahudhurio.

Baada ya adhuhuri nikakata shauri. Wote watatu sebuleni, kwa pamoja, wanatazamana. Besi ya Kibwana inaingia kwenye mashine kwa waya, haina neno. Kazi ni Joni. Gitaa lake ni lile la kukwaruza, amplifaya imefunguliwa mpaka sauti inachanika kwa makusudi. Akigusa uzi, vikombe vya mama kabatini vinaongea. Nimevitoa vyote nikavilaza kitandani. Amplifaya nimeiweka pembeni, nimeizungushia magodoro, nikaitegea maiki mbili. Moja karibu kabisa na kitambaa cha spika, kando kidogo ya katikati, maana katikati sauti inachoma. Ya pili nyuma kidogo, ishike hewa ya chumba. Hizi mbili umbali wake usipopatana zinakulana, gitaa zima linabaki uji wa mgonjwa. Nimezisogeza mpaka zikapatana. Mgongo unauma.

Joni ana maiki yake ya kuimbia, karibu na mdomo. Dramu nazo zimepata maiki zake, ya besi dramu ndani ya tundu, ya sneya, za matoazi juu. Nzuri.

Kisha Bakari akalalamika hamwoni Joni. Anataka kuona mkono wa Joni unavyoshuka. Nikaondoa godoro moja. Nilijua nafungua njia ya sauti ya dramu kuingia kwenye maiki za gitaa. Nikasema itakuwa kidogo.

Simu zote kwenye ndoo yenye mfuniko, nje barazani, bila mlio. Gitaa la namna hii linanasa simu kabla haijaita, unasikia trrr trrr katikati ya wimbo, kazi imekwenda na maji. Sheria yangu haina mkubwa wala mdogo. Na yangu imo humo.

Alhamisi, 7 Agosti

Baba mdogo Faki, baba yake Bakari, amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sina mkono wa kuandika. Naandika ilivyokuwa tu.

Asubuhi nyimbo mbili, za kawaida. Baada ya chakula wa tatu, ule mrefu. Miaka yote ya kazi hii sijanasa kitu kama kile. Nilisahau kutazama mishale ya mashine. Joni hakumwondolea macho Bakari. Bakari alikuwa hayupo kwenye dunia hii. Wimbo ulipokwisha nikazima, na adhana ya alasiri ikaanza, Kibwana akasema muadhini alikuwa anatungoja. Bakari akatoka kwenda kutawadha. Akafungua ndoo achukue simu yake.

Dada yake, Time, amepiga na kupiga. Kioo kimejaa jina lake. Bakari alipompigia, baba alikuwa ameshakata roho. Muda mfupi tu uliopita. Tukiwa kwenye wimbo wa tatu.

Alikuwa mgonjwa, ndiyo. Sukari, na ule mguu wenye kidonda. Lakini jana alikula wali wake, akamtania Bakari aende akapige makopo. Mpemba yule hakukosa neno la kumtania mtu. Nani angedhani.

Bakari ndiye aliyekuwa akimuuguza. Mwaka mzima anamgeuza, anamwogesha, anampikia. Wiki hii ndiyo pekee aliyokuwa akitoka tangu asubuhi. Aliyemtamkisha shahada ni jirani. Mtoto wa kiume yupo, mzima, huku Mabawa, na simu yake iko kwenye ndoo yangu.

Bakari aliondoka na soksi bila viatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Amezikwa baada ya swala ya Ijumaa. Watu wengi mno. Wapemba wenzake wote wa sokoni walifunga maduka.

Bakari alikuwamo kwenye kuosha. Nilimwona akipita uani, macho makavu. Nilitaka kumshika, nikaogopa.

Mama mdogo ameingia eda. Amekaa kwenye kona ya chumba na shuka lake jeupe. Nilipoinama kumpa mkono nikasema shikamoo kwa mazoea, sauti ikakatika. Akanipapasa kichwa yeye, mfiwa, ananibembeleza mimi. Nimeona haya.

Nimekata vitunguu mpaka magharibi ili nisitazamane na mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Hitima imesomwa, matanga tumeanua. Wageni wanaondoka, nyumba inaanza kuonekana ukubwa wake.

Joni alikuja kuaga. Aliongea na Bakari kwenye baraza, dakika chache, wakishikana mikono muda wote. Kisha akanifuata mimi. Alitaka kuusikia wimbo wa tatu kabla hajasafiri. Nikamwambia hatufungui mashine kwenye msiba. Akaniomba radhi. Akasema, lakini da Mwana, ule wimbo tuliupata, sivyo? Nikamwambia mliupata. Akaenda.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Mungu hakasirikiwi. Imebaki mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Bakari kaja leo asubuhi. Kakonda uso. Nikadhani amefuata dramu zake. Hakuzitazama hata.

Alikaa kwenye kiti changu cha kazi, akasema, "Futa nilichopiga siku ile."

Nikamwambia asubiri. Arobaini ipite, moyo utulie, kisha tuongee. Akatikisa kichwa. Nikamwambia Joni yuko Kigoma, Kibwana naye kajitolea, kazi si yake peke yake. Akasema gitaa libaki, besi ibaki, yeye hana haki na jasho la mtu. Anataka lake tu.

"Mkono wa baba kashika mtu baki, mimi nimeshika fimbo za dramu. Watu watakuja kusifia, Bakari kapiga. Sitaki kusifiwa kwa saa ile."

Na nani alimchukulia simu? Kinywa changu hakina haki ya kubishana kwenye jambo hili.

Nimefuta mbele yake. Maiki ya besi dramu, ya sneya, za matoazi. Moja baada ya moja, kila mara anatazama kioo. Nikachomeka na diski ninakoweka nakala, nikafuta na humo. Sikuficha hata moja. Ningeweza, hajui mashine. Sikutaka kuwa na siri na mtu aliyetoka kumzika baba yake.

Aliponishukuru nilitamani ardhi inimeze. Akaondoka. Nikakaa nikatazama zile nafasi tupu kwenye kioo. Nimewahi kupoteza kazi kwa umeme, kwa virusi, kwa mchwa walioingia kwenye diski. Kazi hii nimeiua mwenyewe kwa kidole.

Alhamisi, 14 Agosti

Yumo.

Nilifungua magitaa ya Joni nimtumie asikie, angalau apate chake. Nikaziba kila kitu, nikaacha maiki mbili za gitaa tu. Mwanzo gitaa peke yake. Kisha ile sehemu anaponyamaza kidogo kabla ya kiitikio. Dramu. Ziko mbali, kama harusi ya mtaa wa pili, lakini kila pigo linahesabika. Sneya, besi dramu, hata fimbo inapogusa ukingo.

Zimevuja. Ile maiki ya nyuma niliyoitega ishike hewa ya chumba, imeshika chumba. Chumba kilikuwa na Bakari. Na godoro ni mimi niliyeliondoa.

Nimejaribu kuzikata. Ninafunga maiki pale gitaa linaponyamaza, lakini gitaa la kukwaruza halinyamazi mara moja, linavuta mkia, ukiukata linakufa. Na chini ya gitaa lenyewe bado yumo. Huwezi kumtoa bila kumtoa Joni. Wameshikana.

Fundi mzima, kazi ya kila siku, na jana wakati wa kufuta sikukumbuka. Nimeapa mbele ya mfiwa kwamba nimefuta. Yeye anaamini yamekwisha.

Wimbo wenyewe sikuufikisha mwisho. Nimezima katikati.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimempigia Joni. Mtandao wa huko unakatika, tumeongea kwa vipande. Nimemweleza yote. Kasema nisimwambie Bakari. Kwa nini kumtonesha kidonda. Hatausikiliza wimbo huo maisha yake yote, na akiusikia redioni hatatambua. Halafu akasema lililokuwa moyoni mwake hasa, kwamba yeye gitaa lile halitapigika tena. Alikuwa anamtazama Bakari. Kule aliko hana wa kumtazama.

Simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hayohayo.

Kibwana kaja jioni, nikamweleza na yeye. Kacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Nilitaka kumfukuza. Nafuu gani? Pakacha limenivujia mimi kichwani.

Jumatatu, 18 Agosti

Kibwana kaleta mpiga dramu mwingine, wa bendi ya hotelini. Mtu mzuri, ana adabu, kaja na matoazi yake. Tumempigisha juu ya gitaa la Joni.

Haikuwezekana. Bakari yuko chini anapiga, huyu yuko juu anapiga, wanasukumana kama watu wawili mlango mmoja. Akichelewa nukta tu unasikia wawili. Mwisho kavua spika za masikio kaniuliza, dada, humu ndani kuna mtu? Nikamwambia yupo. Hakutaka kuendelea. Nimempa chai.

Kwa hiyo njia ni mbili. Nitupe kazi yote, au nikae kimya niutoe wimbo hivihivi. Hivihivi una uzuri wake, na hilo ndilo linalonitesa. Jana niliusikiliza nusu tena. Gitaa linawaka mbele na nyuma yake kuna mtu anapiga dramu nyumba ya mbali. Mshipa wangu wa kazi unasema hicho ni kitu adimu. Mshipa huo nauogopa. Ungeniuza.

La kuvunda halina ubani. Nitamwambia.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda Nguvumali, nyumbani kwa kina Bakari. Nimeanza kwa mama mdogo, nikakaa naye kidogo chumbani. Akaniambia Bakari halali. Usiku na mchana anamuuliza Time yaleyale. Baba alisema nini. Alikuwa ameelekea wapi. Ilikuwa kabla ya adhana kwa muda gani. Time kachoka, jana kamjibu kwa ukali kisha akalia mwenyewe.

Nikatoka barazani. Bakari alikuwa anashona mkeka wa baba yake uliofumuka. Nikamwambia bila kuzunguka, kwamba dramu nilifuta lakini zimebaki kwenye maiki ya gitaa, ndogo, haziwezi kutoka. Akauliza zimebakije kama nilifuta. Nikamwambia kama harufu ya samaki kwenye kanga. Samaki umeshamla, kanga bado inamsema.

Hakuinua macho. "Ulisema umefuta."

Nikasema nilifuta, na nilikosea, sikukumbuka. Nikamwambia akisema nitupe yote, natupa leo. Joni atanichukia, atakuwa na haki yake. Neno ni lake.

Kaendelea kushona. Uzi ulikatika, akautia tena kwenye sindano, ukakatika tena. Kisha kainuka kaingia ndani na mkeka wake. Hakuniaga. Bakari, ambaye hata tukigombana alikuwa ananisindikiza mpaka njia kubwa.

Nimerudi kwa miguu. Nimelia njiani kama mtoto, na mtandio usoni, watu wakadhani jua.

Jumamosi, 23 Agosti

Hakuna habari kutoka Nguvumali.

Maulidi inakaribia, vikundi vya kaswida vimeanza kubisha hodi. Leo nimewakataa wawili, nimesema chumba hakijawa tayari. Chumba kiko tayari. Mimi siko.

Nimewakaripia watoto wa Bi Hadija kwa kupiga mpira ukutani. Bi Hadija akaja, hakuuliza kitu, kaniletea bakuli la mchuzi. Nimekula nimesimama.

Nimekasirika na Bakari pia. Niandike tu, hapa hakuna wa kunisuta. Kama hataki aseme hataki. Kimya chake kinaniadhibu, naye anajua. Sasa nimeandika na sijisikii nafuu.

Jumanne, 26 Agosti

Bakari kaja baada ya adhuhuri, na kanzu na kofia, katokea msikitini. Kapiga hodi kama mgeni. Nikamkaribisha, hakukaa.

Akasema anataka kuusikia wimbo wa tatu. Huo tu.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akaniambia Time amemweleza saa ile mpaka hana cha kuongeza. Upande wa kule anaujua wote, neno kwa neno. Upande wa huku haujui. Alikuwepo mwenyewe lakini haukumbuki, anakumbuka ndoo tu.

Nilimvisha spika za masikio. Nikavaa na mimi za pili, maana sikutaka awe peke yake humo ndani. Nikafungua.

Alisimama ameshika ukingo wa meza. Gitaa likaanza, kali, lile la kukwaruza. Kisha Joni akanyamaza kidogo na dramu zikaja, mbali. Nikaona taya lake limekaza. Nikapeleka kidole nizime. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo.

Tukapita pale ambapo sikuwahi kupita. Kiitikio, na kile kipande kirefu, na mwisho. Pigo la mwisho likaanguka, matoazi yakafifia, gitaa likabaki linavuma lenyewe. Ndani ya uvumi ule akasikika mtu anacheka. Bakari. Kicheko chake cha tumboni, cha tangu tukiwa wadogo. Halafu sauti yake, ndogo sana, inamwambia Joni, "Umeniona lakini?"

Hapo ndipo nilipozima mashine siku ile ya kurekodi.

Kavua spika za masikio, kaziweka mezani taratibu. Kakaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye gunia la makumbi. Akalia. Siku zote zile hakulia, si makaburini, si matangani. Alilia mpaka kofia ikaanguka. Nilikaa karibu naye nikaishika kofia.

Kisha akasema, "Huyu anayepiga hana habari, da Mwana."

Nikasema hana.

"Hajui kama baba anaondoka. Angejua angekimbia."

Nikamwambia angekimbia peku, na mimi nyuma yake.

Kajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Katazama zile dramu, bado ziko palepale sebuleni, nimezifunika shuka. Akasema, "Basi mwache. Usimguse tena."

Nikamwambia zile maiki za karibu nilizofuta hazirudi. Aliyebaki ni huyu wa mbali. Akasema huyohuyo anatosha.

Nilimsindikiza mimi, mpaka njia kubwa. Tulipofika akanikumbatia barabarani, mbele za watu.

Ijumaa, 29 Agosti

Wimbo umekamilika. Gitaa la Joni, sauti yake, besi ya Kibwana. Dramu hazina maiki yake hata moja. Nilishawishika kuzivuta mbele kidogo, mashine inaweza. Nikaacha. Ziko pale zilipokuwa.

Nyimbo mbili za asubuhi Bakari kaniambia nifanye nitakavyo. Bado sijazifungua.

Nimemtumia Joni. Kajibu baada ya saa nzima, neno moja, kwamba kamsikia.

Bakari hajasema kama atapiga tena. Sikumuuliza. Nilimkuta leo Nguvumali amelala kwenye mkeka wa baba yake, mchana, mdomo wazi, na Time anapita kwa vidole asimwamshe. Mama mdogo kaniashiria ninyamaze. Nikakaa naye kona yake ile, tukachambua mchele, Time naye akaja, wote watatu tukisema kwa kunong'ona.